Alimfuata mlembe na dira mkononi

Mjomba alikuwa katikati ya hadithi. Jioni, tumekaa nje, anasimulia alivyokuwa anamfuata mlembe enzi za ujana wake, yule ndege mdogo wa rangi ya kijivu na kahawia anayekuja kukupigia kelele ukiwa porini, anaruka mti huu mpaka ule, anakungoja, ukichelewa anarudi kukuchukua, mpaka anakufikisha kwa nyuki. Na ukishapata asali ukamnyima sega lake, mjomba akasema, siku nyingine atakupeleka kwa chatu.

Mtoto wa dada yangu, yuko chuo mwaka wa pili, akauliza kwa heshima kabisa: "Babu, hiyo imethibitishwa?"

Mjomba akamwangalia. "Mimi nilikuwepo."

Maongezi yakafia hapo, watu wakahamia mambo mengine.

Imenikaa kichwani wiki nyingi. Swali la kijana lilikuwa swali zuri kabisa, na mjomba naye hakudanganya, kweli alikuwepo, miaka mingi alikuwepo. Sasa mbona yale maneno mawili yalipokutana hayakuzaa kitu? Nimekuwa nikilala nayo na kuamka nayo, na kila nikifikiria narudi kwa mtu mmoja, mwanasayansi Mkenya anayeitwa Hussein Isack, kwa sababu yeye alilichukua swali kama lile la kijana akaenda nalo kwa watu kama mjomba, na hakuishia kwenye kimya.

Kurasa nne

Isack alikuwa idara ya ndege ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mwaka 1989 yeye na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer walichapisha ripoti katika jarida la Science, kama kurasa nne hivi, kuhusu walembe na Waborana wa kaskazini mwa Kenya. Reyer naye alishaijua Kenya vizuri, kabla ya hapo alikuwa ametafiti mdiria wale weusi kwa weupe wa Ziwa Viktoria na Naivasha, jinsi wengine wanavyosaidia kulisha vifaranga ambavyo sio vyao. Lakini kwa mlembe, kazi ya kutembea porini na kusikiliza wazee ndo iliyobeba kila kitu. Miaka mitatu walikusanya data.

Mlembe hakuwa ndege mpya kwa wasomi. Tangu karne ya 16 mmisionari Mreno João dos Santos, akiwa Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, aliandika kuhusu ndege wadogo walioingia kanisani kwake kula nta ya mishumaa, na akaeleza pia kwamba ndege hao hao huwapeleka watu kwenye asali. Kwa hiyo karibu miaka 400 ilipita kati ya maandishi yale na ripoti ya 1989. Katika muda wote huo wasomi wengi waliandika kuhusu mlembe, na kulikuwa na mashaka ya kweli kama ndege anajua anakokwenda, au anazurura tu na mtu nyuma yake mpaka wote wawili wanawakuta nyuki kwa bahati.

Waborana hawakuwa na mashaka hayo. Walikuwa wanasema mambo ya wazi kabisa.

Walichosema wazee

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, maana hapa ndo ufundi wa Isack ulipo.

Wavuna asali wa Kiborana walisema ndege anakupa habari tatu. Kwanza uelekeo, kwamba anaruka kuelekea kwenye nyuki. Pili umbali, na hii wanaisoma kwa vitu kadhaa: muda ambao ndege anapotea mara ya kwanza baada ya kukutana nawe kabla hajarudi, urefu wa hatua kati ya mti na mti, na jinsi anavyotua chini zaidi kadiri mnavyokaribia. Tatu kufika. Mkishafika sauti yake inabadilika, inakuwa ya chini, yenye mapumziko marefu, ukimpigia kelele hajibu kama alivyokuwa anajibu njiani, alafu ananyamaza.

Ukisoma hayo kwa makini unaona kitu. Hayo ni madai yanayopimika! Mzee akikwambia "ndege ni rafiki yetu" huna pa kuanzia, lakini mzee akikwambia kwamba hatua za ndege zinafupika mnapokaribia, amekupa kitu unachoweza kukipima kwa miguu yako mwenyewe. Mtu wa haraka angeandika "jamii hii inaamini kwamba..." akafunga daftari, na hilo neno "inaamini" lingetosha kuua kila kitu. Isack aliyachukua maneno yale kama unavyoyachukua maneno ya mwanasayansi mwenzako, yaani umesema hivi, haya, twende tukaone.

Wakaenda wakaona. Uelekeo wa safari za ndege ukalinganishwa na mahali nyuki walipo kweli: ndege anaelekea kwa nyuki. Umbali kati ya kituo na kituo: unapungua. Urefu anaotua: unapungua. Muda wa kupotea mara ya kwanza: unaendana na umbali wa nyuki. Sauti ya kufika: ipo, na ni tofauti.

Na tena Isack alijificha akawaangalia ndege wakifika kwenye viota vya nyuki alfajiri kunapokuwa na baridi, nyuki wakiwa wapole, wanachungulia ndani. Yaani kabla hajaja kukuita tayari alishapita kukagua.

Saa 8.9 na saa 3.2

Namba zenyewe ni hizi. Katika eneo wasilolizoea, wavuna asali wasio na ndege walitumia wastani wa saa 8.9 kupata kiota cha nyuki, na wenye ndege saa 3.2. Na ile 8.9 inaficha kitu, kwa sababu siku ambazo watu walirudi mikono mitupu hazikuhesabiwa, kwa hiyo tofauti ya kweli ni kubwa kuliko hiyo.

Ndege naye ana faida yake. Asilimia 96 ya viota vya nyuki walivyovichunguza ndege asingeweza kuvifikia kabla binadamu hajavifungua kwa moto na zana. Nyuki wanakaa kwenye nyufa za miamba, ndani ya miti, kwenye vichuguu, na mlembe peke yake hana cha kufanya na nyuki wenye hasira. Anataka nta (tumbo lake linaweza kuisaga nta, jambo ambalo wanyama wengi hawawezi) na anataka mabuu. Mtu anataka asali.

Alafu kuna filimbi. Waborana wanaiita *fuulido*. Wanapuliza kwa kukutanisha viganja, au kwa ganda la konokono, au kwa kokwa la mkoma lililotobolewa, na sauti inafika zaidi ya kilomita moja. Wakipuliza, uwezekano wa kukutana na mlembe katika eneo geni unaongezeka mara mbili. Kwa hiyo mazungumzo yana pande mbili, ndege anaita mtu na mtu anaita ndege, na pande zote mbili zikapimwa.

Nilipofika hapa mara ya kwanza, nakiri, moyo ulipanda kwa uchungu fulani. Nikajiuliza kwa nini Waborana walihitaji grafu ndo waaminiwe. Watu wamefanya kazi hii vizazi na vizazi, alafu dunia inakubali mwaka 1989 kwa sababu kuna jedwali?

Uchungu huo haujaisha wote. Ila kuna aya moja kwenye ripoti ile iliyonigeuza.

Dai ambalo halikuthibitika

Wazee walisema jambo la nne. Walisema nyuki wakiwa mbali sana, kama kilomita mbili au zaidi, ndege anamdanganya mtu kuhusu umbali. Anafupisha hatua zake, anatua karibu karibu, ili mtu aone kama karibu tunafika na asikate tamaa arudi nyumbani.

Hebu fikiria hilo dai. Ndege anayejua kwamba safari ni ndefu, anayejua kwamba mtu huwa anasoma hatua zake, na anayezitumia hatua hizo kumtia moyo kwa uongo. Ni dai zito sana. Kwa mtafiti mwenye hamu ya kuvuma lingekuwa dhahabu.

Isack na Reyer waliandika kwamba hawana data ya kutosha kulithibitisha. Basi. Wakaongeza tu kwamba hawaoni sababu ya kulitilia shaka kwa kuwa yale mengine yote waliyoambiwa na Waborana yalionekana kuwa kweli.

Nimesoma hiyo sehemu mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote. Kwanza, hawakujifanya wamelipima. Pili, hawakulitupa. Waliliweka pale, kwenye jarida kubwa kama lile, na jina la waliolisema. Na sababu waliyoitoa ya kutolitilia shaka ndiyo hasa ile tunayoitumia kwa shahidi yeyote: ameshasema mambo kadhaa, tumekagua, kasema kweli. Kumbe kumpima mtu ndo kunampa uzito. Ukimkubalia mzee kila kitu bila kukagua unampa heshima, sawa, lakini ni heshima isiyomsaidia siku yule kijana wa chuo anapouliza.

Kuanzia hapo uchungu wangu ukawa na sura nyingine.

Mtoto aliyekuwa anasikiliza

Isack aliwahi kwenda Cape Town kutoa mhadhara kuhusu kazi hii. Miongoni mwa waliokuwa wanasikiliza alikuwepo mtoto wa kike anayeitwa Claire Spottiswoode. Alikua, akawa mtafiti wa tabia za ndege, na sa hivi jina lake ndo la kwanza watu wanalotaja ukizungumzia mlembe.

Nasema hili kwa sababu tukihesabu kazi ya mwanasayansi huwa tunahesabu machapisho, na hapa kuna kitu ambacho hakiingii kwenye hesabu hiyo. Isack mwenyewe baadaye alielekeza nguvu nyingi kwenye utamaduni na mazingira ya jamii za kaskazini mwa Kenya, alianzisha shirika la Kivulini Trust. Swali la ndege likaendelea kutembea kwenye miguu mingine.

Na Spottiswoode alianza na sehemu ambayo ingeweza kumtoa mtu hamu kabisa. Mlembe hajengi kiota. Anataga kwenye viota vya ndege wengine wanaoishi kwenye mashimo, kama keremkerem wadogo. Mwaka 2011 yeye na mwenzake walichapisha picha za video walizorekodi gizani, ndani ya viota vya keremkerem huko Zambia, zinazoonyesha kifaranga cha mlembe, kipofu bado, hakina hata unyoya, kikiwachoma wenzake wa kiota kwa ndoano kali zilizoko kwenye ncha ya mdomo mpaka wanakufa. Ndoano hizo zinakuja kupotea akikua.

Sasa hapa ndo akili yangu inasimama.

Huyu kifaranga hakuwahi kuwaona wazazi wake. Amelelewa na keremkerem, ndege ambaye hana habari na asali wala na binadamu. Anatoka shimoni, na siku moja anamfuata mtu na kumpigia kelele aje. Nani kamfundisha? Baba hayupo, mama hayupo. Kwa hiyo lile la msingi, hamu ya kuongoza, lazima amezaliwa nalo. Hilo nakubali.

Lakini filimbi je?

Brrr-hm

Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, hawapulizi fuulido. Wao wana mlio wao, mtetemo wa ulimi unaofuatiwa na mguno, *brrr-hm*, na ukiwauliza kwa nini wanatumia huo wanakwambia ndivyo walivyofundishwa na baba zao. Spottiswoode pamoja na watafiti wenzake Keith na Colleen Begg walitembea nao wakicheza sauti tatu kwa spika: brrr-hm, maneno ya kawaida ya mtu, na mlio wa njiwa. Matokeo yakatoka 2016. Kwa sauti zile nyingine uwezekano wa kuongozwa ulikuwa kama asilimia 33, kwa brrr-hm ukawa 66. Na ukihesabu safari nzima, tangu kumpata ndege mpaka kuonyeshwa nyuki, ni kutoka asilimia 16 hadi 54.

Alafu 2023, yeye na Brian Wood, mwanaanthropolojia aliyekaa miaka mingi na Wahadza wa Tanzania, wakabadilishana sauti. Wahadza wanapiga mluzi wa muziki fulani hivi. Wakachezesha mluzi wa Wahadza na brrr-hm ya Wayao sehemu zote mbili. Kwenye vilima vya Kidero, kwa Wahadza, ndege walikuwa tayari zaidi ya mara tatu kushirikiana na mtu wa mluzi kuliko wa brrr-hm. Niassa ikawa kinyume, brrr-hm ikaushinda mluzi karibu mara mbili.

Ndege wa aina moja. Wanasikiliza lugha ya watu wa kwao.

Na kama hakuna mzazi wa kumfundisha, basi anajifunza mwenyewe kwa kuishi karibu na watu wanaoita, anagundua kwamba ukiisikia sauti hii kuna nta mbele. Maana yake hamu anazaliwa nayo lakini msamiati anapewa na sisi. Hili limenitisha kidogo, nitasema kwa nini. Jamii ikiacha kwenda porini, vijana wakaacha kujifunza mluzi, ndege hatakufa, atakula nta atakayoipata na atataga kama kawaida. Kinachokatika ni mazungumzo, na kitakatika kwa muda mfupi sana, kizazi kimoja cha watu kinatosha, tena ndege wenyewe hawaishi miaka mingi hivyo. Hakuna hifadhi ya taifa inayoweza kuliokoa hilo kwa kuweka uzio. Kinacholiokoa ni mtu mmoja kuendelea kupuliza.

Chatu, nyegere na malipo

Turudi kidogo kwenye chatu wa mjomba. Imani hiyo iko sehemu nyingi za Afrika, wengine wanasema chatu, wengine simba, wengine nyoka tu. Wayao humwachia ndege nta, wengine huiweka vizuri juu ya majani mabichi. Wahadza mara nyingi hufanya kinyume: Wood aliandika kwamba wanaficha, wanafukia au wanachoma masega yaliyobaki ili ndege abaki na njaa na aendelee kuongoza. Na anaendelea. Kwa hiyo kuna jamii yenye ujuzi mkubwa wa mlembe kuliko karibu wote duniani, ambayo inamnyima malipo kwa makusudi, na ushirikiano haujavunjika.

Mimi hapo sioni kwamba mjomba ameshindwa. Naona kwamba wazee wa huku na wazee wa kule hawasemi kitu kimoja, na hiyo yenyewe ni habari, tena habari ambayo huipati mpaka uwasikilize wote kwa makini ule ule. Labda hadithi ya chatu inamfundisha mtu kuliko inavyomweleza ndege, inamzuia mvuna asali asiwe mlafi.

Kisha nyegere. Vitabu vingi vinasema mlembe anamwongoza nyegere kwenye asali. Mwaka 2023 ukachapishwa utafiti uliowauliza wavuna asali wa jamii mbalimbali za Afrika kama wamewahi kuliona hilo. Wengi wao walilitilia shaka. Ila Wahadza wengi walisema ndiyo, wameliona. Yaani hadithi iliyotembea vitabuni kwa uhakika mkubwa, watu wa porini ndo walikuwa waangalifu nayo, na waliosema ndiyo ni watu wa eneo maalum ambalo mtu anaweza kwenda kuangalia.

Haya mambo mawili yamenifanya niache kabisa kugawa maarifa kuwa ya wazee upande huu na ya sayansi upande ule. Kuna aliyekuwepo akaangalia, na kuna anayerudia alichosikia. Wote wawili unawakuta chuoni, wote wawili unawakuta kijijini.

Dai la nne bado liko pale

Nikipata nafasi ya kumsukuma mwanafunzi yeyote wa biolojia kutoka kaskazini mwa Kenya, au mwenye ndugu huko wanaopuliza fuulido, ningemsukuma kwenye lile dai la udanganyifu. Isack alitumia dira na miguu. Leo simu ya mfukoni inarekodi kila kituo cha ndege kwa GPS.

Unatafuta kwanza viota vya nyuki unavyovijua, vingine karibu, vingine zaidi ya kilomita mbili. Unamwacha ndege akuongoze, unaweka alama kila anapotua, unachora urefu wa hatua tangu mwanzo wa safari hadi mwisho. Kwenye safari fupi tunajua picha itakavyokuwa, hatua zinaanza ndefu zinaendelea kufupika. Kwenye safari ndefu, kama Waborana wako sahihi, hatua zitakuwa fupi tangu mwanzo kabisa, pale ambapo zilitakiwa ziwe ndefu kuliko zote.

Hata zikiwa fupi, kazi haijaisha, maana inawezekana ndege anatua karibu karibu kwa sababu tu mtu amechoka na anatembea polepole. Kwa hiyo utahitaji watembeaji wa mwendo tofauti kwenye njia ile ile, na wavuna asali wazoefu watakaokuambia papo hapo, kabla hujaangalia simu, wanadhani nyuki wako umbali gani. Hilo la mwisho usiliache. Udanganyifu unahitaji mtu wa kudanganywa, na anayejua kuisoma lugha ya ndege vizuri kiasi cha kudanganywa nayo ni yule anayepuliza filimbi.